Hedseti ya Mwanangu Rubani

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Mashine ya kusaga imefungwa, mwenye mashine hajapumzika. Kokuberwa alifika jana jioni na basi, amekonda, ana siku kumi tu nyumbani. Mwanangu anasomea urubani! Naliandika tena nilione kwa wino: urubani. Na amezaliwa hapahapa Rugu, kwa mimi Rwegoshora, mtu wa unga.

Leo baada ya chakula amesema jambo. Hajaruka peke yake. Wenzake wanne wameshapanda ndege bila mwalimu, wamezunguka, wameshuka, wamepigiwa makofi. Yeye mwalimu anamzuia. Mara tatu mnara wa kuongozea ndege umemwita redioni na hakusikia. Ameambiwa atafute hedseti yake mwenyewe, aachane na zile za shule zinazovaliwa na kila mtu. Hedseti ni kile chombo cha kuziba masikio yote mawili, chenye kijiti cha kuongelea mbele ya mdomo. Asiporuka peke yake kabla mwezi huu haujaisha, anarudishwa nyuma akaanze na darasa jipya.

Alisema kwa utulivu, huku anamenya ndizi na mama yake. Mimi niliinuka nikaenda kuangalia kahawa iliyoanikwa. Haikuhitaji kuangaliwa.

Hakusikia! Sikio langu la kushoto limekufa, yapata miaka saba sasa. Mashine ndiyo imelila. Sijamwambia mtu, ila nahisi mke wangu Mackrine anashuku. Na nani aliyembeba Kokuberwa mgongoni ndani ya mashine hiyohiyo, miezi mitano mizima, mama yake alipougua akaenda kuuguzwa kwao Muleba? Mimi. Alikuwa na miezi minane. Alilala humo fofofo, injini inanguruma, wateja wakasifu, nami nikavimba kichwa. Baba hodari!

Baba hodari amemharibia mtoto masikio. Hilo nimelijua leo, kando ya kahawa.

Sitamwambia. Nitamtafutia hedseti. Tena hedseti hasa, na itoke mkononi mwangu kabla ya Jumapili. Nasema Jumapili kwa sababu Jumamosi anakuja shemeji yangu Lameck, kaka yake Mackrine, afisa huko Bukoba. Lameck amepanda ndege mara mbili, Bukoba hadi Mwanza, na hakuna msiba katika ukoo huu ambao hakusimulia safari zile. Akiipata habari ya hedseti ataifanya yake.

Bei za vitu sitaandika humu. Mackrine anajua ninapoficha daftari.


Jumanne, 8 Julai

Asubuhi nilimchota Kokuberwa maneno. Kwa ujanja, kama mtu anayepitisha muda tu. Nikamuuliza hedseti nzuri inatambulikaje. Akafurahi, akaeleza kirefu tukitembea kibanjani, kati ya migomba: ziko za kawaida zinazozuia kelele kwa mito yake ya masikioni, ziko za betri zinazoizima zenyewe, na hizo bei yake haisemeki. Akaendelea na mengine, na mengine tena. Bahati mbaya njia ilimtupa upande wangu wa kushoto. Nilishika neno kelele, yaliyobaki nikayatikisia kichwa kwa heshima.

Haidhuru. Kelele naijua kuliko wao wote huko shuleni.

Nikapanda pikipiki hadi Omurushaka. Maduka ya simu yote yana za kusikilizia muziki. Muuzaji mmoja aliapa kwamba za kwake zinazuia kelele. Nikamwomba muuza vyombo wa jirani agonge sufuria karibu na kichwa changu. Akagonga kwa moyo wote. Nilisikia kila pigo, tena kwa sikio bovu. Muuzaji alisema mimi si mteja, ni mkaguzi.

Saa nane nikapata! Jamaa mmoja aliyewahi kuchimba madini ya bati huko Kyerwa anauza viziba-masikio vya mgodini, vikubwa, vyekundu, vizito. Nilipovaa, Omurushaka yote ikanyamaza. Mabasi, wapiga debe, redio za maduka, kimya. Vimekosa kijiti cha kuongelea tu. Kijiti ni kitu gani? Nitakitafuta.


Jumatano, 9 Julai

Nimeazima maiki mbovu ya kwaya, nikaifunga pembeni ya viziba-masikio kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ikakaa vizuri. Nikavivaa kazini ili nivijaribu palipo na injini.

Ajabu! Sikusikia chochote. Nilisaga kama niko mbinguni. Mashineni kwetu tunaongea kwa mikono, kwa hiyo sikuona shida: mteja akikusanya vidole anataka laini, akivitawanya anataka chenga, akikata hewa kwa kiganja anasema acha. Ila lazima umtazame. Mimi nilikuwa natazama juu, namuwazia Kokuberwa mawinguni. Niliposhuka nikakuta akina mama sita wanakata hewa kwa viganja vyote viwili. Mahindi ya mmoja nimeyasaga mara tatu, yamekuwa vumbi. Mkanda wa mashine unatoa moshi. Mama wa mahindi alisema unga huo apelekewe mtoto mchanga, si watu wazima.

Wakati natengeneza mkanda nikapata akili. Mtu anayetakiwa kusikia mnara atafanya nini na kitu kisichosikia chochote? Siku mbili za akili zangu zimekwenda na maji!

Jioni Kokuberwa aliviona vimening'inia stoo. Akaniuliza maiki ya kwaya imefuata nini pale. Nikasema kwaya imeniomba niitengeneze. Akaniangalia, akasema pole na kazi. Nimemlea vizuri huyu mtoto.


Alhamisi, 10 Julai

Safari ya Songambele, Kyerwa. Vumbi hadi kwenye meno. Yule mchimba bati alinielekeza kwa mzee Rwezaura, aliyekuwa dereva wa watu waliokuja miaka ile kuhesabu wanyama kutoka angani. Siku ya kuagana, rubani wao alimwachia hedseti yake kama zawadi.

Kwa Rwezaura huendi na kusema umefuata nini. Nikaletewa kiti, nikaletewa kahawa ya kutafuna. Tukatafuna. Tukaulizana migomba inaendeleaje, mnyauko umefika wapi, nani amefariki na nani amepona. Sijui nani wa ukoo wake ameoana na nani wa ukoo wangu. Saa mbili na nusu zikapita hivyo. Nilikuwa nawashwa mwili mzima. Hatimaye yeye mwenyewe akasema nimekuja kwa ile ya ndege, maana hakuna anayetoka Rugu kwenye vumbi hili kuja kumsalimia.

Akaileta imefungwa kwenye kitambaa cha meza. Jamani! Ya kijani, ina kijiti chake, ina waya uliojikunja vizuri, ina mito laini. Nikaivaa. Ilinienea barabara, haibani, hailegei. Rwezaura akawasha pikipiki yangu akavuta mafuta hadi kuku wakakimbia. Injini niliisikia kwa mbali tu, na maneno yake niliyapata kidogo kidogo. Hapo hapo nikajua ndiyo yenyewe.

Fedha hataki. Anasema fedha huisha, yeye anataka kitu cha kumsemesha, mke wake alifariki mwaka jana na nyumba imekuwa kimya. Anataka redio kubwa. Mimi ninayo redio kubwa. Ilikuwa ya baba yangu.

Nilifikiri kuanzia Songambele mpaka nyumbani.


Ijumaa, 11 Julai

Nimetoa redio. Tulikutana Omurushaka saa tano, Rwezaura akaikumbatia, mimi nikaikumbatia hedseti, tukaachana kama watu waliobadilishana watoto.

Nyumbani nilikuwa nimeandaa uongo mzuri: redio iko kwa fundi, imeungua kitu ndani, fundi anasubiri kipuri kutoka Mwanza. Nimeurudia njia nzima. Hakuna aliyeuliza! Nimekaa sebuleni jioni yote nikitazama meza tupu, nikakohoa, nikataja taarifa ya habari. Mackrine alisema tu kwamba leo nyumba ina raha, mtu anaweza kusikia hata kuku wakiingia bandani. Sikujua kama hao watu wanaichukia redio yangu kiasi hicho. Labda nilikuwa naiweka juu kidogo.

Hedseti nimeificha kwenye kikapu cha maharage stoo, chini kabisa. Jumapili baada ya chakula, mbele ya Lameck, nitainuka na kuitoa. Hotuba nimeshaitunga. Ni fupi, lakini ina mahali pa kulia.


Jumamosi, 12 Julai

Lameck amefika na gari lake. Kabla hajakaa alikuwa ameshasema "tukiwa angani" mara mbili.

Mackrine akamweleza shida ya mtoto. Nilimwonya kwa macho, hakuona. Lameck akatoa simu, akavaa miwani, akaanza kutusomea. Anasema ya kununua ni ya betri, ya kuagiza nje, yeye ana mtu anayemjua mtu uwanja wa ndege. Nikasema betri huisha. Akasema huchajiwa. Nikasema mawinguni hakuna soketi. Akaniuliza mimi nimewahi kufika mawinguni lini. Nikamwambia kelele ni kelele, iwe juu au chini, na katika chumba hiki mwenye shahada ya kelele ni mmoja.

Kokuberwa alisema, "Baba, mjomba, nilitaka niwaambie kwamba mimi tayari..." Lameck akamwambia asubiri, wakubwa wanaongea jambo lake. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano nikakubaliana na Lameck. Akajaribu tena wakati wa chai. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mambo yameshapangwa.

Akatabasamu, akaenda kufua. Ninamwonea huruma. Hajui furaha inayomngoja chini ya maharage.


Jumapili, 13 Julai

Naandika kabla sijavua koti.

Leo ilikuwa sadaka ya mavuno. Mackrine na Kokuberwa walitangulia kanisani kupeleka vitu. Mimi nilikuja baadaye kwenye gari la Lameck, nikisimuliwa mabawa. Ibada ikaisha, tukatoka nje kwenye mnada kama kawaida: jogoo, mikungu ya ndizi, mayai, miwa. Mnadishaji ni mzee wa kanisa Ndyamukama, mtu ambaye hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua.

Akainua kikapu cha maharage. Nikakitambua kikapu. Nikatambua hata kamba ya mgomba niliyokifungia.

Ndyamukama akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko ili awaonyeshe watu maharage ya chini ni sawa na ya juu. Akatoa hedseti. Aliishika kwa waya, akaigeuza, akasafisha koo, akatangaza kwamba msharika mmoja ametoa chombo cha kisasa cha kusikilizia Neno.

Nikapaza sauti kutaja bei. Mackrine akageuka. Nikataja kubwa zaidi, juu ya bei yangu mwenyewe, kwa hofu. Ndyamukama akanishukuru kwa moyo wa kujitoa. Ndipo Lameck akaitambua. Akapaza sauti kwamba hicho si cha kusikilizia Neno, ni cha marubani, yeye amekiona kwa macho yake kwenye chumba cha mbele, tukiwa angani! Akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha. Nikageuza mifuko yote nje, pamoja na ya koti, mkatoka punje za mahindi. Lameck akaipata.

Na hakuishia hapo. Akamwita Kokuberwa mbele ya washarika, akasema maneno kuhusu wajibu wa mjomba, akamkabidhi hedseti yangu. Maneno yake yalikuwa na mahali pa kulia. Watu wakalia. Kokuberwa akapiga goti kidogo kama tulivyomlea, akasema asante mjomba. Vigelegele! Mimi nilipiga makofi pamoja na wengine. Nifanyeje?

Mezani ndipo ikawa vingine. Lameck akamwambia aivae tuone. Akaivaa. Ikashuka mpaka kwenye nyusi. Akaisogeza nyuma, ikashuka mpaka kwenye shingo. Kichwa cha mwanangu ni kidogo, cha mama yake. Halafu akashika ncha ya waya, akaigeuza, akasema polepole kwamba hii ina plagi moja, na ndege wanazojifunzia zinataka mbili. Hii ni ya helikopta. Kuna kiungio cha kuunganishia, lakini kiungio hakipunguzi ukubwa wa hedseti.

Lameck akanuna. Akauliza ni mpumbavu gani anayetumbukiza vyombo vya helikopta kwenye maharage ya Mungu. Mackrine akasema kikapu kilikuwa chetu, kimetoka stoo kwetu.

Wote wakanitazama. Nikasema Mungu ana njia nyingi.

"Kwa hiyo redio ndiko ilikoenda," akasema Mackrine. Hakuwa anauliza.

Nikasubiri niaibishwe. Kokuberwa alianza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka. Kisha akabeba sahani yake, akazunguka, akaja kukaa ubavuni kwangu. Upande wa kulia. Akaniambia taratibu, sikioni, kwamba hajawahi kusikia mtu ametoa redio ya baba yake kwa ajili ya masikio ya mtu mwingine. Nilishindwa kula nyama.

Ndipo tukampa nafasi ya kusema alichotaka kusema tangu jana. Rafiki yake Deodatha amemaliza mafunzo, ana kichwa kidogo kama chake, anamwachia hedseti yake. Kokuberwa alishawahi kuiazima siku moja, akasikia mnara neno kwa neno. Inakuja na basi Jumanne. Basi!

Lameck ameivaa ya helikopta. Imemwenea. Amesema ataondoka nayo.


Jumanne, 15 Julai

Tumekwenda Omurushaka kuipokea. Kifurushi kidogo cha boksi la sabuni. Nilipoiona nikavunjika moyo. Imekwaruzika, rangi imetoka, upinde wake umezungushiwa utepe. Hata ile ya maharage ilikuwa na sura! Nikamwambia kwa upole kwamba bado tuna siku mbili, namjua mtu Kyerwa. Akaniambia, "Baba, tafadhali."

Akanieleza tena, safari hii amesimama kulia kwangu, na nikasikia yote. Mito ndiyo ya kwanza: ikipasuka au ikiacha mwanya shavuni, kelele huingia na mnara humezwa. Upinde ukaze kiasi cha kuvaliwa saa mbili bila kichwa kuuma. Kijiti kikae karibu kabisa na mdomo. Nzito huchosha shingo. Ya betri angeipenda, atainunua siku akiajiriwa. Na hedseti huchaguliwa na kichwa kitakachoivaa, haijalishi imewafaa wangapi. Hilo la mwisho alilisema huku anatazama barabarani.

Kisha akataka tupitie mashineni. Niwashe injini kama siku ya kazi. Nikawasha. Akaivaa, akasimama pale penye mkanda, akafumba macho. Akabonyeza mto kidogo, akauachia. Akanikusanyia vidole vya mkono mmoja: laini. Mikono ile aliijua kabla hajajua kusema baba. Halafu akaivua, akafungua upinde wake mpaka mwisho, akanivisha mimi.

Miaka ishirini na minane nimesimama hapo. Hata ile Jumatano nilitazama juu, kwa hiyo sijawahi kuona mashine ile ikitikisika bila kuisikia ikinipigia kelele. Nikamwona mwanangu amesimama kwenye vumbi la unga, mkubwa, mzima, ananitazama. Nikashindwa. Nikazima injini nikamwambia yote: mgongo wangu, ile miezi mitano, usingizi wake fofofo, na kwamba kama hasikii mnara mwenye kosa ni mimi.

Alikaa juu ya gunia. Nilidhani atalia. Akaniita baba kwa lugha ya nyumbani: "Taata, masikio yangu yamepimwa mara mbili na wapimaji wa marubani. Ni mazima kabisa. Ninayoyahofia ni ya kwako."

Hedseti ya shule ilikuwa kubwa, basi. Mito yake imepasuka. Hakuna zaidi! Siku nane nimebeba jiwe kifuani, na jiwe lenyewe lilikuwa mto uliopasuka.

Akasema analijua sikio langu la kushoto tangu yuko kidato cha pili. Wote wanalijua. Kumbe hata wateja, wanajipanga kulia. Nilidhani wanapenda kivuli.


Jumatano, 16 Julai

Nimemkuta Mackrine anachambua maharage. Kokuberwa amemsimulia ya jana. Hakunisema kitu kuhusu redio. Akaniambia tu kwamba mimi ni mtu wa kusahau. Aliporudi kutoka Muleba mwaka ule alikuta pamba yote ya nyumba imekwisha, na kanga yake mpya imechanwa vipande. Watu wakamwambia: kila asubuhi Rwegoshora anamtia mtoto pamba masikioni, anamfunga kichwa kwa kanga mara tatu, ndipo anawasha mashine. Walikuwa wananicheka. Walisema nimembeba mtoto mwenye kilemba.

Sikumbuki kabisa. Nimeukumbuka mgongo, nimeukumbuka usingizi, pamba siikumbuki. Nikamuuliza Mackrine, na mimi je, nilikuwa nimeziba ya kwangu? Akasema hapana, pamba haikutosha watu wawili.

Nilikwenda tena kuangalia kahawa. Nilikaa huko muda mrefu, na nilifurahi.


Alhamisi, 17 Julai

Ameondoka na basi la asubuhi. Hedseti ameipakata, hakuiweka juu kwenye mizigo. Mackrine amempa kahawa ya kutafuna ya mwalimu wake, na nasaha nyingi. Kwangu ametaka ahadi moja: niende hospitali nipimwe masikio. Ameniandikisha mwenyewe kwa simu, Alhamisi tarehe 31, saa tatu asubuhi. Nimeapa mbele ya mama yake na mbele ya kondakta. Naandika hapa kwa herufi kubwa: NITAKWENDA.

Tena nimejifunza. Sitampangia tena vitu asivyoviomba. Mtu mzima anajijua.


Jumamosi, 2 Agosti

Ameruka! Jumatano tarehe 30, saa moja na nusu asubuhi, upepo mtulivu. Mzunguko mmoja, peke yake. Alipiga simu akiwa bado uwanjani, nikaiweka kulia, nikasikia kila neno. Mnara ulimwita mara nne na akaitika mara nne. Wenzake walimmwagia ndoo ya maji, ndiyo desturi yao. Mackrine alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Ndyamukama ametangaza kwamba kanisa lilihusika.

Nami nikamuuliza mwanangu swali moja tu: kiti cha mwalimu, pale pembeni yake, alikaa nani? Akacheka akasema, "Hakuna mtu, Taata. Kilikuwa kitupu."

Kitupu! Usiku huo nilimwona kwenye dari, mwanangu angani na kile kiti kitupu. Watu walifurahi, na mimi nilifurahi kuwashinda wote, lakini je, kuna yeyote aliyefikiria? Injini ni injini. Mimi nazijua. Huzimika bila kuaga.

Kwa hiyo hospitali sikwenda. Nilikusudia kabisa, nilikuwa nimeoga. Lakini Alhamisi ndiyo siku pekee ambayo Placidia, fundi cherehani wa Omurushaka, anapokea kazi kubwa, na kazi hii haisubiri. Nimemwambia ni hema dogo la kwaya. Kwa kweli ni parachuti. Kitambaa ninacho: nimekusanya miavuli mibovu ya Rugu nzima, kumi na tisa, nimetoa vyuma, nimeifua. Watu wanashangaa mtu anatafuta miavuli wakati wa kiangazi. Washangae.

Mikanda ya mabegani itatoka kwenye mkanda wa zamani wa mashine, hauwezi kukatika. Placidia aliuliza vipimo vya atakayelivaa hema. Nikasimama wima, nikanyoosha mikono, nikamwambia apime kwangu. Mtoto ni damu yangu, hatuwezi kupishana sana.

Itakuwa tayari Jumanne, na basi linaondoka Jumatano. Hospitali nitawapigia kesho, waniandikie tarehe nyingine. Kokuberwa akiuliza nitamwambia foleni ilikuwa ndefu.